Dume langu la mbegu lilinizalia majike matupu: miaka mitatu ya sato, Murungu hadi Kasanda

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni msomaji wa muda mrefu humu, mchangiaji wa nadra. Leo nimekaa, nimeweka simu kwenye chaji, nimeamua niandike.

Yote nitakayosema yamenikuta mwenyewe. Atakayeona ni chai, Murungu si mbali kutoka Kibondo mjini. Aje, nitamwonyesha mabwawa na atakunywa maji.

Ni uzi wa ufugaji wa samaki. Lakini humo ndani kuna ndoa yangu pia, maana vitu hivi viwili viligongana na mimi nikiwa katikati.

Tuanze mwanzo.

Hadi mwaka 2012 nilikuwa fundi wa pampu za maji kwenye kambi moja ya wakimbizi upande wa Kasulu. Kazi ilikuwa fresh. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka ule, na sisi kazi ikaisha. Nikarudi nyumbani Murungu na sanduku la spana, mke na mabinti watatu.

Mke wangu anaitwa Leokadia. Kwao ni Kasanda, wilaya ya Kakonko. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye kazaliwa huku huku na wote ni raia. Ni mwanamke wa maneno machache. Akishasema jambo, ujue amelifikiria siku tatu.

Kwenye nyumba ya pili uani alikuwa anaishi mama yangu mzazi. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Sasa, bondeni kwetu kuna chemchemi isiyokauka hata mwezi wa tisa. Wenzangu wanalima mboga pale. Mimi niliyezoea maji nikasema hapa ni bwawa.

Januari 2013 nikaanza kuchimba na vijana wanne. Tukashindilia udongo wa mfinyanzi, tukaweka bomba la kuingizia maji na la kutolea. Mwezi wa tatu nikaweka vifaranga mia sita vya sato nilivyopewa na mfugaji mmoja upande wa Kasulu, mchanganyiko tu, majike na madume, kama walivyotoka kwenye wavu wake.

Nikalisha pumba, mashudu, mabaki ya dagaa. Samadi kila wiki. Asubuhi nikipita kwenye kingo maji yanachemka kwa samaki. Nikajua nimetoboa.

Novemba nikaita majirani, nikafungua bomba, maji yakaisha.

Wakuu, nilichokiona ni vidole.

Maelfu ya samaki, wote sawa na kidole changu cha kati. Wakubwa wachache mno, nao hawakuzidi kiganja. Majirani walikuja na ndoo za kununulia, wakarudi nazo tupu kwa adabu, wananiambia pole kama kwenye msiba. Tulikula vile vidagaa mwezi mzima. Binti yangu wa kwanza, Agripina, akaniuliza kama kuna siku tutapika kitu kingine.

Hapo ndipo wengi huacha. Na mimi nilitaka kuacha, siwafichi. Lakini sikuelewa nimekosea wapi, na mimi pampu ikizima siwezi kulala mpaka nijue ni mpira wa washa au ni injini. Nikasema lazima nijue.

Nikaenda sekondari moja ya pale Kibondo, nikaomba kuonana na mwalimu wa baiolojia. Nikasubiri mpaka mapumziko. Akaja mama mmoja mfupi, kavaa hijabu ya kijani, chaki bado mkononi. Madam Mwanahawa. Huyu ni mzaliwa wa Kasulu, kwao wana duka la vitenge, babu yake alikuja na biashara kutoka Tanga. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu sisi tuliokulia kwenye Kiha.

Nikamweleza. Akaniuliza swali moja.

"Uliweka majike na madume pamoja?"

"Ndiyo, Madam. Kwani si ndivyo wanavyokaa ziwani?"

"Ziwani kuna wa kuwala, baba. Kwako wewe wanazaa tu. Sato jike akifika miezi mitatu au minne anataga, kisha anayaatamia mayai mdomoni. Akiwa na mayai mdomoni hali. Akimaliza anataga tena. Hakui yeye, na watoto wanamaliza chakula cha wengine wote."

Akaniambia wafugaji wanaojua huweka madume peke yao. Dume hana kazi ya kutaga, chakula chote kinakwenda kwenye mwili.

Akanifundisha na namna ya kuwatofautisha. Samaki akifika uzito wa gramu thelathini hivi unamgeuza tumbo juu, unapaka dawa ya GV, ile ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, chini karibu na mkia. Rangi inaingia kwenye vitundu na unaviona. Dume ana viwili. Jike ana vitatu, kile cha kati kimekaa kama mkato mdogo wa ukucha.

Rahisi kusema. Mimi macho yangu yamezoea bolti za namba kumi na tisa. Samaki watano wa kwanza nilikosea watatu. Leokadia akaninyang'anya. Yeye alikuwa anapaka kwa ncha ya unyoya wa kuku, anaangalia sekunde mbili, anasema "jike", anatupa kwenye beseni. Hakukosea mara nyingi.

Lakini ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na mimi nikatafuta njia ya mkato.

Nikasikia kuna mashamba ya kuzalisha vifaranga, mbali huko mkoa mwingine, wanauza "dume tupu". Unaagiza, wanakuletea kwenye mifuko yenye hewa ya oksijeni kwa basi. Desemba 2013 nikaagiza mia tano.

Walifika Kibondo baada ya safari ya kutisha, barabara zetu mnazijua, na mvua ndiyo imeshika. Karibu nusu walikuwa wamekufa. Waliobaki nikawaweka bwawani.

Na wakuu, wale samaki walikua. Kufikia mwezi wa tano 2014 nilikuwa na sato wa kujaza sahani, na maji yametulia, hakuna utitiri wa vitoto. Nilianza kuuza kidogo kidogo pale sokoni Kibondo, mpaka wenye hoteli wakawa wananipigia simu wenyewe.

Hapo ndipo kichwa changu kikaniletea plan.

Nikajiambia, kwa nini niendelee kuagiza samaki wanaofia njiani? Hawa ni ukoo wa madume. Nikichukua dume mmoja mkubwa kuliko wote, nikampa majike, si atazaa madume kama yeye? Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba sikumuuliza Madam wala mwenye shamba aliyeniuzia. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, liandikeni pembeni.

Nikamchagua. Dume mweusi wa kifua chekundu, mzito. Mabinti wangu wakamwita Kamanda. Nikachimba kibwawa kidogo pembeni, nikampa majike watano niliowabakiza kutoka ule uzao wa zamani. Baada ya wiki tatu hivi vitoto vikaonekana kingoni. Nikavihamishia bwawa lao, nikavilisha kuliko nilivyojilisha mimi.

Na kila aliyepita nilimwambia mwakani nitauza vifaranga dume tupu Kibondo nzima, Kakonko na Kasulu. Watu kumi na moja walishaweka oda. Wengine walishaanza kuchimba mabwawa kwa maneno yangu.

Sasa hapa niwatoe kidogo kwenye samaki, maana bila hili hamtaelewa kilichofuata.

Mimi na Leokadia tuna mabinti tu. Kwa mama yangu hilo lilikuwa jambo. Alianza taratibu. Mara amemwona mtoto wa kiume wa jirani, anaguna. Mara anamwambia mgeni mbele ya mke wangu, "Deo hana mtu wa kumwachia panga." Kufikia 2014 alikuwa ameshaniambia kuna binti wa watu, mtulivu, anaweza kunizalia. Mama yangu ni mtu wa kanisani, mbele kabisa kwenye jumuiya. Nikamwuliza na ndoa je? Akasema, "Sijasema uoe. Nimesema upate mtoto."

Mimi jibu langu lilikuwa kunyamaza. Nilijiona nina hekima, siwezi kumjibu mama mzazi, na mke wangu atajua nampenda. Nilifikiri nikinyamaza yataisha yenyewe.

Turudi bondeni.

Oktoba 2014 vitoto vya Kamanda vilikuwa vimefika ukubwa wa kukaguliwa. Nikaita watu watatu kati ya wale waliotoa oda waje waone kwa macho yao. Mama naye akashuka na jembe lake begani, akasimama kingoni. Leokadia akakaa kwenye kigoda, GV, unyoya, mabeseni mawili.

Wa kwanza. "Jike."

Sikujali. Nikasema mmoja hawezi kukosa.

Wa pili, jike. Wa tatu. Wa kumi. Nikadhani mke wangu amechoka macho, nikakaa mimi. Vitundu vitatu. Vitundu vitatu. Vitundu vitatu. Tulikagua zaidi ya mia moja na hamsini siku ile. Madume tuliowapata walikuwa wawili.

Wawili, wakuu.

Mmoja wa wale wageni watatu akaangalia saa yake.

Ndipo mama akasema kutoka pale kingoni, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayezungumzia mvua, "Kumbe hata samaki wa nyumba hii wanajua kuzaa majike tu."

Wageni wakacheka.

Na mimi nikacheka.

Sijui kwa nini nilicheka. Aibu labda, nilitaka kuwa upande wa wanaocheka. Haikuzidi sekunde moja, lakini Leokadia alikuwa ameinua uso ananiangalia mimi, sio mama. Akauweka unyoya juu ya kigoda. Akanawa, rangi haikutoka. Akapanda kilima.

Kesho yake asubuhi aliondoka na watoto wote watatu kwenda kwao Kasanda. Hakugomba. Alisema, "Nakwenda kupumzika." Vidole vyake bado vilikuwa vya zambarau.

Nilibaki na bwawa la majike, watu kumi na moja wa kuwajibu, na nyumba inayosikika hatua zangu mwenyewe.

Siku ya pili nikaenda kwa Madam Mwanahawa. Nilikwenda na hasira, nataka kusikia kwamba nimetapeliwa. Nikampigia yule muuza vifaranga mbele yake, nikaweka spika.

Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkuu, wale niliwalisha chakula cha homoni wiki nne za mwanzo. Ni wa kukuza, ule na kuuza. Sio wa mbegu. Kwani uliniuliza?"

Sikumwuliza. Alikuwa sahihi.

Madam akamtuma mwanafunzi alete maharage kutoka jikoni, mekundu na meupe. Akayamwaga mezani. Kuanzia hapo nilielewa ndani ya dakika kumi kitu ambacho kidato cha nne kilinipita.

"Kila sato amebeba punje mbili zinazohusu ujinsia," akasema. "Wataalamu wanaita kromosomu. Jike ana nyekundu mbili, tuseme X na X. Dume ana nyekundu moja na nyeupe moja, X na Y. Wakizaa, kila mzazi anatoa punje moja tu. Jike atatoa nini?"

"Nyekundu."

"Kuna nyingine anayoweza kutoa?"

"Hana."

"Dume?"

"Nyekundu au nyeupe."

"Akitoa nyekundu?"

"Jike."

"Akitoa nyeupe?"

"Dume."

Akaniacha nitazame yale maharage. Kisha akaendelea.

"Sasa kifaranga cha sato wiki za mwanzo mwili wake bado haujaamua. Ukimpa homoni ya kiume kwenye chakula, hata mwenye nyekundu mbili mwili wake unakuwa wa dume. Anakua kama dume, anapigana kama dume, anatoa mbegu kama dume. Lakini punje zake hazijaguswa. Bado ni nyekundu mbili."

Nikaona mwenyewe. Sikungoja amalize.

"Kamanda."

"Katika wale mia tano karibu nusu walikuwa hivyo," akasema. "Kwa macho huwezi kumjua nani ni nani. Ungeweza kumpata wa kweli, ungeweza kumpata wa homoni. Wewe ulimpata wa homoni. Nyekundu mbili kwake, nyekundu mbili kwa majike. Hao watoto wangetoa wapi nyeupe?"

Nikamwuliza wale madume wawili je. Akasema hata joto la maji huingilia, na kuna mambo mengine ndani ya damu ambayo wataalamu wenyewe bado wanayafukua. Nilipenda alivyosema hajui yote.

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka nikamwuliza swali ambalo nadhani ndilo lililonipeleka pale bila mimi kujua.

"Madam, na kwa watu?"

Akanitazama. Habari za Kibondo hazihitaji redio, nadhani alishasikia.

"Kwa watu ni hivyo hivyo, Baba Agripina. Mama ana X tu za kutoa. Anayeleta Y ni baba. Na hata baba hachagui, ni kama kutumbukiza mkono kwenye gunia."

Nikatoka pale nikatembea kwa miguu kutoka shuleni hadi stendi, sikupanda pikipiki. Nilikuwa nahesabu siku ambazo mke wangu alikula maneno kwa kitu ambacho, kama kuna wa kuulizwa, ni mimi.

Naona mtu atauliza, kwani hukusoma shule? Nilisoma, mkuu. Niliandika X na Y kwenye daftari na nikapata D. Lakini sikuwahi kudhani yale yanahusu nyumba yangu.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kasanda.

Baba mkwe alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaondoka. Leokadia akaja, akasimama mlangoni. Nikamweleza yote, Kamanda, maharage, X, Y. Nilieleza vizuri kweli. Nilidhani nikimaliza atakwenda kufunga mizigo.

Akasema, "Hayo ya kwamba sio kosa langu niliyajua. Niliambiwa kliniki nilipokuwa na mimba ya pili."

Nikainuka kwenye kiti.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama yako angesema namtupia mwanawe lawama. Wewe ungenyamaza." Akafikiri kidogo. "Deo, mama yako alisema. Amesema miaka. Nimezoea. Wewe ulicheka."

Nikamwambia ni kweli, nilicheka, na nina aibu.

"Sirudi kwa maneno niliyoyajua tayari," akasema. "Nitarudi siku ambayo aliyeyasema atakuwa ameyajua na yeye. Na umwambie wewe, sio mwalimu."

Nikarudi Murungu peke yangu.

Wakuu, nimewahi kushuka kwenye kisima cha mita ishirini kufungua pampu kwa kamba moja. Sikuogopa kama nilivyoogopa kwenda kukaa mbele ya mama yangu na kuzungumza habari hizo. Kwetu mtoto wa kiume hamwelezi mama yake mambo ya uzazi. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Ningenyamaza tena ningekuwa nimemwoa mama yangu, si Leokadia.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, mchana kweupe. Nikamsalimu kama inavyopasa, nikapiga makofi. Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikaomba ruhusa, nikatoa punje nne kwenye ungo wake, nyekundu tatu na nyeupe moja.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nilianza na samaki, maana kwa samaki ulimi haukunikwama. Mama yangu hajui kusoma lakini amechambua mbegu miaka hamsini. Alinipita. Kabla sijafika mwisho akainua ile punje nyeupe.

"Hii anayo dume tu?"

"Dume tu."

"Na kwa watu?"

"Kwa watu pia, mama. Hii ninayo mimi. Leokadia hana, hajawahi kuwa nayo, na hawezi kuipata popote."

Akaishika muda mrefu.

"Na mimi sikuwa nayo."

"Hukuwa nayo."

"Alikuwa nayo baba yako."

"Ndiyo."

Akairudisha kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Nilidhani amekataa. Nikataka kuinuka.

Akasema bila kuniangalia, "Kabla yako nilizaa dada zako wanne. Unajua bibi yako alinifanya nini?"

Sikujua. Dada zangu ni wakubwa, waliolewa zamani, na nyumbani kwetu hayo hayakuzungumzwa.

"Miaka tisa sikukaa nao kwenye chakula. Nilipika, nikawapa, nikala mwisho kilichobaki na watoto wangu. Alimtafutia baba yako mwanamke kule Nyabibuye. Alimleta mpaka hapa uani, hapa ulipokaa. Wewe ulipozaliwa ndipo nilipopewa kigoda."

Nikamwuliza, "Na ukayafanya hayo hayo kwa Leokadia?"

Ni swali gumu kumwuliza mama mzazi, lakini lilitoka.

"Nilijua ni kweli," akasema. "Nilijua nilikuwa na kosa, na Mungu akanisamehe kwa kunipa wewe. Na yeye nilimwona ana kosa bado hajasamehewa." Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Miaka tisa, mwana wanje, mwanangu. Kwa punje ambayo sikuwa nayo."

Hakulia. Mama yangu si mtu wa kulia. Alichambua ule ungo wote mpaka ukaisha, akaumimina kwenye kapu. Kisha akaniuliza pikipiki ya kwenda Kasanda inabeba watu wangapi.

Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema, "Wewe ulishakwenda."

Tulikwenda wote wawili, pikipiki mbili, yeye akiwa na lile kapu la maharage mapajani. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, barabara ile ni mashimo, hakulalamika.

Kasanda akasalimiana na mama mkwe wangu, wakapigiana makofi ya salamu marefu kweli, mwakeye, mwakeye, watoto, mifugo, mashamba. Kisha akaomba Leokadia aitwe. Alipokuja, mama hakueleza habari za X wala Y. Alisema mbele ya watu wote waliokuwa pale, "Nilikusema kwa jambo ambalo si lako. Nami walinisema kwa jambo ambalo si langu, nikasahau linavyouma. Nimekuja kukuomba."

Leokadia akapiga magoti akampokea kapu. Akaingia ndani, na baada ya muda nikasikia Agripina anaulizwa viatu vyake viko wapi.

Hiyo ni Novemba 2014.

Sasa samaki, maana najua kuna wanaosubiri hapo tu.

Cha kwanza niliwafuata wale watu kumi na moja, mmoja mmoja, nikawaambia nilikosea na kwa nini. Wanne walinicheka, wawili wakakasirika, waliobaki wakataka kuelezwa zaidi. Yule aliyekuwa anaangalia saa siku ile ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Yale majike tuliyala na kuyauza madogo madogo. Kamanda nilimwacha azeekee kwenye kibwawa chake, bila majike.

Kuna aliyenishauri niagize unga wa homoni nichanganye chakula mwenyewe. Madam akanikataza. Kupima dozi bila vifaa ni kubahatisha, na vumbi lake si la kuvuta puani kwenye nyumba yenye watoto. Nikamsikiliza.

Tukarudi kwenye njia ngumu. Nikachukua dume wa ukoo wa kawaida, asiyekula homoni, nikampa majike. Watoto wakatoka karibu nusu kwa nusu, inavyotakiwa. Leokadia akawachambua mmoja mmoja kwa GV na unyoya, siku nne mfululizo. Madume bwawa kubwa, majike kitoweo.

Na kwa kuwa hata yeye hukosea, nikaongeza kambale wachache kwenye bwawa la madume. Jike akipenya akizaa, vitoto vinaliwa. Angalizo: kambale waingie wakiwa wadogo kuliko sato wako, la sivyo watakula mtaji.

Tuliweka samaki Machi 2015. Septemba tukafungua bomba.

Safari hii majirani waliondoka na ndoo zimejaa. Sato wa kujaza mikono miwili. Tulipata majike tisa tu bwawa zima, mmoja akiwa na mayai mdomoni. Leokadia akamwinua akasema, "Huyu nilimpitisha siku ya tatu, nilikuwa nimechoka." Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka bondeni tangu mwaka uliopita.

Kwenye kuvuna kule alikuwa na mimba kubwa. Mwisho wa mwaka akajifungua.

Binti. Wa nne.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo akina mama wa jumuiya wakamzunguka mama yangu nje ya kanisa. Nilikuwa hatua chache nyuma. Mmoja akamwuliza kama safari hii ni wa kiume. Mama akasema ni msichana. Yule akaguna, lile guno tunalolijua, akasema huyo mkwe wako sasa vipi.

Mama akanyoosha kidole nyuma yake, kwangu.

"Muulizeni huyo. Ndiye aliyeleta."

Wakanigeukia wote. Nikawaambia ni kweli, ni mimi.

Wakuu, nilichojifunza. Kwa mfugaji: ukinunua dume tupu uliza walipatikanaje, na waliokula homoni waishie mezani, usiwafanye mbegu. Kabla ya kutangaza biashara, kagua kwanza. Kwa mwanaume mwenzangu: kama nyumbani kwako kuna mtu anasemwa kwa jambo ambalo si lake, kunyamaza kwako anakusikia. Na kucheka anakusikia zaidi.

Wenye mabwawa, mwageni uzoefu wenu hapa chini, hasa aliyewahi kupata uzao wa jinsia moja kama mimi. Wataalamu mkiona nimeteleza kwenye sayansi nirekebisheni bila matusi. Na wewe uliye kimya unasoma tu, ambaye jambo lako si la samaki, nalo unaweza kuliandika. Nitasoma yote.